Suruali ya Kwenda Kibabii

Mungu alipokuwa akigawa miguu, Wabwile lazima alikuwa amesinzia, maana alipozinduka alikuta mabaki tu. Ilikuwa myembamba kama mipini ya jembe, na kana kwamba wembamba hautoshi, ilipinda nje magotini, matege ya wazi kabisa. Akisimama wima na visigino pamoja, mbwa mdogo angeweza kupita katikati bila kuinamisha kichwa. Kutoka kiunoni kwenda juu, hata adui yake asingepata la kusema: mabega mapana, shingo ya kuvalia tai, meno meupe, na sauti nzito ya kuitia treni. Ndiyo maana kazi yake ilimkaa vizuri. Mwaka ule wa 1937 alikuwa karani wa tiketi katika stesheni ya Kitale, na dirisha la tiketi humwonyesha mtu kuanzia kifuani.

Ni kwenye dirisha hilo Nekoye alimwona. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya kanisa nje ya mji, na kila mwisho wa mwezi alikuja stesheni kutuma kifurushi nyumbani kwao Kibabii. Kifurushi cha kupokelewa kwa dakika tano Wabwile alikipokea kwa nusu saa. Nekoye alicheka na kuuliza kama sukari ya baba yake inahitaji pasi ya kusafiria. Mwezi uliofuata akaja bila kifurushi.

Mwaka mzima ukapita hivyo, na katika mwaka huo Wabwile alifanya kazi mbili: ya tiketi, na ya kuficha miguu. Jumapili alifika kanisani kabla ya mzee wa kanisa mwenye ufunguo, akakaa benchi la mbele, na kutoka alitoka wa mwisho, akisingizia maombi. Nekoye akipita stesheni jioni ili waongee, alimkuta karani ana mizigo ya kuhesabu, tena nyuma ya meza. Siku hizo mwanamume Mwafrika mwenye kazi alivaa kaptura, na suruali ndefu ilimfanya Mzungu akuulize unajiona nani. Wabwile aliichukia kaptura yake ya kaki kama mtu anavyomchukia shahidi.

Kisha Nekoye akamwambia, kwa sauti ya mwalimu anayetoa kazi ya nyumbani, "Jumamosi ya mwisho wa mwezi uje kwetu. Uwaone, nao wakuone. Ile neno ulikuwa unaniuliza, nitakujibu huko huko, mbele yao."

Neno lenyewe lilikuwa kama atakubali kuolewa. Wabwile alifurahi kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi. Halafu akakumbuka kwamba kule Kibabii hakuna dirisha.

Akaenda kwa Hiram Gicheru. Hiram alikuja Trans-Nzoia na wazazi wake kutoka Ugikuyu, wao wakalima mashamba ya walowezi, yeye akakataa jembe na kushika cherehani. Alishonea kwenye veranda ya duka la Mhindi, na alikuwa na hasira ya karibu, hasa kwa mteja anayesema nishonee kama ya fulani. Alikuwa na imani moja kwamba hakuna mguu mbaya duniani, kuna fundi mvivu tu. Siku hiyo imani yake ilijaribiwa.

"Tembea," akasema.

Wabwile akatembea hadi mwisho wa veranda.

"Rudi."

Akarudi. Hiram akavua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena.

"Bana, hii miguu yako iligombana kitambo. Kila moja imechukua njia yake."

"Si ndiyo maana nimekuja. Nataka suruali ndefu. Ile ya kubana chini, kama ya yule karani wa D.C."

"Ya fulani," akasema Hiram, na mshipa ukamtoka shingoni. "Uvae ya kubana, uonekane kama koleo ya mhunzi? Kaa chini, nikufundishe. Jicho ya mtu ni mvivu. Haitafuti mguu, inafuata laini. Ukiipatia laini moja ndefu toka kiuno mpaka kwa kiatu, itateremka hapo hapo, irudi nyumbani ikiwa imeridhika. Sasa, kiuno tutapandisha juu ya kitovu, mguu ipate urefu pale Mungu aliweka tumbo. Mbele marinda mbili. Paja iwe pana, na hiyo upana ishuke vile vile mpaka chini, isipungue kwa goti, maana nikipunguza kwa goti nitakuwa nawaonyesha watu goti iko wapi. Na chini hakuna kukunja."

"Lakini mkunjo ndio mtindo."

"Mkunjo ni ya mtu ako na mguu ya kupoteza. Wewe kila inchi tunaihitaji."

Urefu wenyewe walibishania siku mbili. Wabwile alitaka suruali iburuze, ifunike hata viatu. Hiram alikataa kata kata. Nyuma iguse kisigino, mbele ilale juu ya kiatu mara moja. Ikilala mara mbili watu watasema umeazima kwa kaka yako mkubwa. Isipolala kabisa watasema umekua ukiwa ndani yake. Alipima kwa futi, akachora kwa chaki, akafumua upindo mara tatu, na kila mara akimlaani aliyevumbua magoti.

Ilipokwisha, suruali ya rangi ya majivu, Wabwile aliivaa mbele ya kioo cha duka, na huko kiooni akasimama mtu mnyoofu. Mstari wa pasi ulishuka moja kwa moja kama reli ya kwenda Eldoret. Aligeuka kushoto, akageuka kulia. Alifurahi hadi akaona haya, akajifanya anatazama bei ya sabuni. Hiram alikunja mikono na kupumua kwa kiburi.

Usione vyaelea, vimeundwa, na kama Wabwile angeliacha kilichoundwa kielee, hadithi ingeishia hapa. Lakini alirudi stesheni kwa miguu saa kumi, wakati upepo unateremka kutoka Mlima Elgon. Upepo ukaingia kwenye ile suruali pana, ukaigandisha mbele na kuipeperusha nyuma, na vijiti vyote viwili vikajichora waziwazi. Mama mmoja muuza ndizi akamtazama akipita, kisha akamuuliza mwenzake kwa utulivu, "Hiyo nguo iko na mtu ndani?"

Wabwile hakulala vizuri juu ya swali hilo. Kesho yake alimtafuta mzee mmoja aliyewahi kuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akampa chupa ya mafuta ya taa, naye akapewa vile vitambaa virefu vya sufu ambavyo askari waliviringa miguuni kutoka kifundo hadi gotini. Askari huviringa tabaka moja. Wabwile aliviringa vyote alivyopewa, jozi mbili, tabaka juu ya tabaka, akavuta suruali juu yake. Sasa humo ndani mlikuwa na mtu, tena mtu wa kushiba. Hakumwambia Hiram. Mgonjwa hamwambii daktari kwamba amepitia kwa mganga.

Jumamosi ikafika. Hiram alisema lazima amsindikize, ati kijana haendi kwa watu peke yake, ingawa kila aliyemfahamu alijua anataka kuiona suruali yake ikiingia kwa wenyewe. Alikuja na koti jeusi la mteja ambaye hangelihitaji hadi Jumatatu, akamvika Wabwile. Viatu Wabwile aliazima kwa mwenzake wa stesheni. Miwani alinunua sokoni, vioo vyake vya dirisha tu, kwa sababu karani bila miwani ni nani.

Walipanda lori la mahindi, wakakaa juu ya magunia, wakapita Kamukuywa wakiwa weupe kwa vumbi, wakashuka Bungoma saa sita jua likiwa utosini. Kutoka hapo ni miguu. Wabwile alianza kuungua kutoka chini kama chungu. Jasho lilijaa ndani ya sufu, sufu ikawa nzito, na kila hatua ikasikika ndani ya kiatu.

Hiram, aliyekuwa nyuma, akaanza kukunja uso.

"Wabwile, hiyo suruali haianguki."

"Inaanguka."

"Nilikata upana ya kuanguka. Sasa kule chini imejaa. Imejaa nini?"

"Ni jasho tu, fundi."

"Jasho haina unene," akasema Hiram, lakini walikuwa wamefika langoni.

Mzee Wanjala, baba yake Nekoye, aliwapokea vizuri, akawapa viti kivulini mbele ya nyumba, ndugu na majirani wakiwa wamekusanyika kuwatazama. Mama yake Nekoye hakutoka. Kwa Wabukusu mkwe na mama mkwe hawaonani ovyo ovyo, na hata huyu ambaye bado hajawa mkwe, mama alijihadhari mapema. Alikaa jikoni nyuma ya ukuta wa udongo na kusikiliza kwa masikio yote mawili. Macho yake siku hiyo alikuwa ni kukhu, yaani nyanya, mama yake Mzee Wanjala, kwa jina Dinah. Huyo mila haikumfunga mdomo wala mkono. Bibi humtania mchumba wa mjukuu wake kama mume wake mwenyewe, na Kukhu Dinah haki hiyo alikuwa akiitumia mpaka ibaki mifupa.

Alivuta kigoda, akakaa karibu kabisa na goti la Wabwile.

"Huyu bwana yangu ni mzuri," akasema. "Lakini mimi mwanamume wa kaputula namsoma mala moja. Huyu amekuja amefungwa kama barua."

Watu wakacheka. Wabwile akacheka pia, kwa sauti nzito. Hakujua kwamba kikongwe yule hakuwa anatania tu. Miaka ya nyuma binti wa dada yake alichumbiwa na mwanamume wa suruali ndefu, nadhifu, mpole, na baada ya harusi ndipo walipogundua chini ya ile suruali kuna kidonda ambacho hakikuwahi kupona mpaka kikamzika. Tangu hapo Kukhu Dinah aliitazama suruali ndefu kama mlango uliofungwa mchana.

Nekoye alitoka na maji ya kunywa. Alivaa gauni jeupe, na Wabwile aliposimama kuyapokea, alimwona akimtazama kutoka viatuni hadi miwani, polepole, bila kutabasamu. Kisha akaenda kusimama mlangoni. Wabwile akajiambia ni heshima mbele ya wazazi. Akaketi, akaanza kumweleza Mzee Wanjala habari za treni.

Aliongea vizuri sana. Alisema mwaka ujao huenda yeye akawa mkuu wa makarani. Alisema injini mpya zinakuja, zenye nguvu za kupanda mlima na mabehewa ishirini. Na alipokuwa katikati ya kupanda mlima, Kukhu Dinah akanyoosha mkono na kumfinya shavu la mguu, kwa utani wa haki yake.

Wabwile aliendelea na mabehewa.

Kikongwe akamtazama usoni. Akafinya tena, sasa kwa kucha, kwa nguvu ya mtu aliyekamua ng'ombe miaka hamsini. Wabwile akafika kileleni na kuanza kuteremka upande wa pili. Kukhu akachomoa pini iliyoshika kitambaa chake cha kichwa. Hiram aliiona, akafungua mdomo kuonya, lakini pini ilikuwa imekwisha zama, yote, hadi kichwa chake.

"Na breki zake ni za mvuke," akasema Wabwile.

Kukhu Dinah akasimama, akarudi nyuma hatua tatu.

"Wanjala, mwanangu," akasema, na safari hii hapakuwa na utani, "huyu mtu mguu wake umekufa. Nimedunga pini haskii. Hiyo ni ukoma."

Jikoni kitu kikaanguka na kuvunjika. Neno lile siku hizo lilihamisha watu na kuchoma nyumba. Mzee Wanjala aliinuka kitini taratibu, na ile sura ya kumkaribisha mgeni ikamtoka.

"Kijana," akasema, "sikuvunjii heshima. Lakini pandisha hiyo suruali."

Wabwile akatazama chini, akakiona kichwa cha pini kikimeta mguuni pake. Alifikiria kukimbia, lakini kwa uzito ule asingefika hata langoni. Alifikiria kusema ni desturi ya reli. Mwisho akapandisha suruali, inchi nne, akitumaini zitatosha.

Zilitosha kumwangamiza. Chini ya suruali kulikuwa na kitambaa kilichoviringwa, kimelowa, cha rangi ya kahawia.

"Bandeji," akasema Kukhu. "Nimewaambia. Yote miwili."

Kutoka ukutani sauti ya mama yake Nekoye ikaja, si kwa mgeni bali kwa mama mkwe wake. "Mama, uliza huyo mtu kama amekalia kile kiti chenye mto."

Hiram Gicheru alikuwa amepiga magoti. Hakuonekana kuogopa ukoma hata kidogo. Alivuta upindo, akachungulia ndani, na uso wake ukajaa damu.

"Ni nini hii imeingia kwa suruali yangu?" akauliza. "Mimi nimekushonea suruali ya mguu yako, wewe umeingiza mguu ya mtu mwingine?"

Wabwile alimtazama Nekoye. Alikuwa bado mlangoni, na hakuwa amerudi nyuma kama wengine, lakini uso wake ulikuwa umefungwa. Wabwile aliona kuna njia mbili tu: atoke hapa akiwa mgonjwa mwenye miguu mizuri, au abaki akiwa mzima mwenye matege. Na muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wabwile akachutama, akashika ncha ya kitambaa, akaanza kufungua.

Alizungusha. Akazungusha. Sufu ilitoka mduara baada ya mduara, ikajilundika udongoni kama matumbo ya ng'ombe, na kuku wakaja kuikagua. Mguu ukapungua. Watu waliokuwa wamerudi nyuma wakasogea mbele kidogo. Ukapungua tena. Jozi ya kwanza ikaisha, akaanza ya pili, na Kukhu Dinah, aliyekuwa ameziba pua kwa kitambaa, akakishusha.

"Na mguu wenyewe uko wapi?" akauliza kwa wasiwasi wa kweli.

Mwishowe ukatokea. Kisha na wa pili, ng'ambo ile. Wabwile akavuta suruali mpaka magotini, akasimama wima, visigino pamoja, na jua la Kibabii likapita katikati ya miguu yake. Haikuwa na kidonda. Haikuwa na baka. Ilikuwa tu ile aliyopewa.

Kukhu Dinah alisogea, akainama, akaichukua pini yake kutoka kwenye lundo, na bila kuomba ruhusa akamchoma. Wabwile aliruka juu, akatamka neno moja la stesheni lisilofaa mbele ya wakwe.

"Uko hai," Kukhu akatangaza, na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Mzee Wanjala alilazimika kushika nguzo. Jikoni mtu alikuwa akicheka huku akipiga ukuta kwa kiganja. "Wewe mwanaume, kwa nini ulikuwa unaficha? Mficha uchi hazai, na mimi nataka vitukuu."

Wabwile naye alitamani kucheka, lakini alitazama mlangoni kwanza. Mtu mmoja tu hakuwa anacheka, na ndiye ambaye Wabwile alikuja kwa ajili yake. Nekoye alitoka mlangoni, akaja mpaka karibu.

"Na nini ingine?" akauliza.

Wabwile alielewa swali. Akavua miwani. "Hii ni kioo tu. Naona vizuri." Akavua koti, Hiram alilidaka kabla halijagusa udongo, akalikunja kwa mapenzi. "Hii ni ya mtu wa Kitale, sijui hata jina yake." Akavua viatu. "Hii ni ya Festus wa mizigo. Inanibana tangu asubuhi."

"Na mkuu wa makarani?"

"Hakuna mtu ameniambia nitakuwa mkuu. Hiyo nilijiambia mwenyewe."

"Ingine."

Alifikiri kwa bidii, maana sasa hakutaka kubakisha hata punje. "Kanisani siimbi," akasema. "Nafungua mdomo tu. Na maombi ya mwisho, ile ya kubaki nyuma watu wakitoka, sikuwa naomba. Nilikuwa nangoja utangulie, usinione nikitembea."

Mdomo wa Nekoye ukatikisika upande mmoja. "Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Imekwisha. Hii imebaki hapa ndiyo mimi." Alisimama pekupeku, kwa shati lililolowa na suruali nzuri kupita zote za Trans-Nzoia imekunjwa magotini, na aliona aibu, na chini ya aibu aliona kitu ambacho hakukitarajia, wepesi, kwa sababu hapakuwa tena na la kubeba.

Nekoye akamgeukia Mzee Wanjala.

"Baba, yule mtu aliingia hapa na miwani, nilikuwa nimeshamkataa. Nilimwangalia nikileta maji, nikasema huyu simjui, nikawa natafuta njia ya kumwambia bila kumwaibisha." Sauti ya mwalimu ikampotea. "Huyu amebaki, nimemkubali. Apewe maji anawe mikono, ale."

Kukhu Dinah akapiga vigelegele, na jikoni akaitikiwa. Mzee Wanjala alirudisha kiti, kile chenye mto, na kukipangusa kwa mkono wake mwenyewe. Hiram alisema kwa ukali kwamba sasa watu wataiona suruali inavyopaswa kuanguka, na akamwamuru Wabwile ajifunike.

Wabwile aliinama haraka kuikunjua.

"Wacha," akasema Nekoye, akavuta kigoda cha bibi yake na kuketi. "Mwaka mzima umeninyima. Bado naangalia."